BILI YA GEREJI INAPOZIDI MAKISIO: HAKI ZA MWENYE GARI NA WAJIBU WA FUNDI

Miongoni mwa mambo yanayozua ugomvi mara kwa mara baina ya wenye vyombo vya moto na mafundi ni tofauti ya bei iliyotajwa siku gari lilipoingia gereji na bei inayodaiwa siku linapotoka. Mwenye gari huona amedhulumiwa. Fundi naye huona jasho lake halikuthaminiwa. Mara nyingi wote wawili hawaijui sheria, na gari hubaki uani likipigwa jua na mvua huku maneno yakizidi. Maelezo haya yanakusudiwa kuwafahamisha wananchi na watumishi wa Serikali sheria inasema nini, na hatua zipi zichukuliwe kabla ya matengenezo, wakati wa matengenezo na baada yake.

MFANO WA NGUMBO

Na uchukuliwe mfano wa mkaazi wa Ngumbo, kata iliyo kando ya Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma. Zamani kata hiyo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga. Tangu ilipoundwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012, imo katika wilaya hiyo, ambayo makao yake makuu ni Mbamba Bay. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu hali ya Ngumbo haiko mbali na hali ya visiwani. Mkaazi wa Tumbatu au Kojani hulazimika kuvusha mashine yake ya boti ndipo aifikishe kwa fundi mkubwa. Mkaazi wa Ngumbo naye hufuata mwambao wa ziwa mpaka Mbamba Bay, kisha hupanda milima ya Umatengo kwa barabara ya lami ya kilomita 66 ndipo afike Mbinga, na pengine huendelea mpaka Songea. Pande zote mbili mwenye chombo humwachia fundi mali yake, akarudi kwao kusubiri simu.

Mkaazi huyo ana pikapu moja. Kwa gari hilo hupakia usipa na mihogo kwenda sokoni, na usiku ukiharibika hubeba wagonjwa kuwapeleka hospitali ya Liuli. Klachi ikaanza kuteleza kwenye miinuko. Fundi wa Mbinga akalikagua gari na kuandika makisio ya shilingi 850,000, yaani klachi pleti na presha pleti 480,000, rilizi beringi 70,000, oili ya giaboksi 100,000, na ufundi 200,000. Baada ya siku 9 mwenye gari akaitwa. Alipofika alikabidhiwa bili ya shilingi 1,430,000. Katika siku zote hizo hakupigiwa simu hata mara moja. Akaambiwa alipe zote, ama gari libaki.

Mfano huu ni wa kufundishia tu, na haumhusu mtu wala gereji yoyote. Lakini masuala yaliyomo ndani yake ni ya kweli: Je, mwenye gari analazimika kulipa shilingi 580,000 zilizozidi? Na je, fundi ana haki ya kulizuia gari?

MAKISIO NI NINI

Kwanza ieleweke kuwa makisio si sawa na bei iliyokatwa. Fundi anaposema, "Kazi hii itafika kama laki nane na nusu," ametoa makisio, yaani maoni ya mtu mwenye ujuzi juu ya gharama inayotarajiwa. Anaposema, "Kazi yote nitaifanya kwa laki nane na nusu," na mwenye gari akakubali, hapo imekatwa bei, na bei iliyokatwa ni mkataba. Hawezi mmoja wao kuibadilisha peke yake.

Kwa hivyo si kila bili inayozidi makisio ni dhulma. Injini na giaboksi ni vitu vilivyofunikwa, na fundi hawezi kuona kilichomo ndani kabla hajafungua. Bei ya vipuri nayo hupanda na kushuka. Sheria haimtaki fundi awe mtabiri.

Linalotakiwa na sheria ni jengine, nalo ni ridhaa. Mkataba husimama juu ya ridhaa ya pande mbili. Mwenye gari alipokubali kazi ya klachi, aliridhia kazi ya klachi, na hakumpa fundi ruhusa ya kufanya kila analoliona kuwa jema juu ya gari hilo. Kazi mpya inahitaji ridhaa mpya, na ridhaa hiyo hutafutwa kabla ya kazi kufanywa. Kumwonesha mtu bili baada ya kazi kumalizika si kuomba ridhaa yake.

SHERIA ZINAZOHUSIKA

Kwa upande wa Tanzania Bara, sheria mbili ndizo zinazohusika zaidi. Ya kwanza ni Sheria ya Mikataba, ambayo asili yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Hiyo ndiyo inayoeleza ridhaa, fidia ya kuvunja mkataba, na wajibu wa mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe.

Ya pili ni Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Mwenendo wa Biashara ya mwaka 1994 na iliyoanzisha Tume ya Ushindani. Sheria hiyo inamlinda mtu anayenunua bidhaa au huduma si kwa ajili ya kuiuza tena. Inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Inakataza pia kutoa maelezo ya uongo juu ya bei, na juu ya haja ya bidhaa au huduma fulani. Fundi anayemwambia mteja kuwa shokapu zimekufa, hali ya kuwa anajua ni nzima, ameingia katika makatazo hayo. Aidha, sheria inahesabu ndani ya kila mkataba wa huduma, hata kama haikuandikwa, sharti kuwa kazi itafanywa kwa uangalifu na ujuzi unaostahili.

Sheria hizo hazikuweka asilimia maalumu ambayo bili ikiivuka huwa haramu. Nchi nyengine zimeweka wazi zaidi. Katika jimbo la California, Marekani, sheria ya matengenezo ya magari ya mwaka 1971 ilimtaka fundi atoe makisio ya maandishi, na asidai zaidi ya hapo bila ya idhini ya mteja. Sheria ya mwaka 2002 ya jimbo la Ontario, Kanada, ilikataza bili kuyazidi makisio kwa zaidi ya asilimia 10. Ujerumani hawakuweka asilimia. Huko fundi hulazimika kumjulisha mteja mara tu anapoona gharama itazidi sana, na mteja ana khiyari ya kuisimamisha kazi na kulipia ile iliyokwisha fanywa. Desturi za nchi hizo si sheria huku, lakini zote zimejengwa juu ya msingi mmoja: fundi huarifu kwanza, na mwenye mali ndiye anayeamua.

KUICHAMBUA BILI

Mwananchi anapokabidhiwa bili iliyozidi, jambo la kwanza ni kuomba ichambuliwe, kila kitu na bei yake. Katika mfano wa Ngumbo, shilingi 580,000 zilizozidi zilipochambuliwa zilikuwa za aina tatu.

Aina ya kwanza ni bei ya kitu kilichokubaliwa kupanda. Klachi pleti na presha pleti zilizokisiwa kwa 480,000 zimenunuliwa kwa 590,000, tofauti ikiwa 110,000. Hapa kazi ni ile ile iliyoridhiwa. Ikiwa hati iliandikwa kuwa ni makisio, na fundi ana risiti halali ya duka inayoonesha bei hiyo, dai lake lina msingi, ingawa mwenye gari anaweza kuuliza kwa nini hakuarifiwa. Ikiwa bei ilikuwa imekatwa, hasara ni ya fundi.

Aina ya pili ni kazi iliyoongezwa. Shokapu za mbele na bushi zake zimebadilishwa kwa shilingi 320,000. Kazi hii haikuwamo katika makisio, wala mwenye gari hakuulizwa. Kimsingi halazimiki kuilipia. Lakini hapa pana jambo linalohitaji uangalifu. Sheria ya Mikataba inasema pia kuwa mtu akifanyiwa jambo halali ambalo aliyelifanya hakukusudia kulitoa bure, naye akaifurahia faida yake, anapaswa kufidia. Mwenye gari anayeziona shokapu mpya, akanyamaza, akaondoka nazo kwa ridhaa yake, anaweza kuhesabiwa kuwa amekubali kwa vitendo. Kwa hivyo aseme pale pale, na aseme kwa maandishi, kuwa kazi hiyo hakuiagiza. Njia za insafu ni mbili. Ama fundi avifungue vipuri vyake na arudishe vya zamani, ama wapatane bei mpya kwa hiari ya wote wawili.

Aina ya tatu ni kile kinachoandikwa "mengineyo", shilingi 150,000. Neno hilo peke yake si maelezo. Anayedai fedha ndiye mwenye wajibu wa kuonesha ni za nini. Pengine humo mna mafuta ya kujaribia gari, nati na klipu, nayo ni gharama za kweli; basi ziandikwe. Pengine ni kodi ambayo haikutajwa katika makisio. Ndiyo maana mwenye gari anapaswa kuuliza mwanzoni kama bei anayotajiwa ni pamoja na kodi au la.

Baada ya uchambuzi huo, mzozo wa shilingi 580,000 unakuwa mdogo kuliko ulivyoonekana. Shilingi 850,000 hazina ubishi. Shilingi 110,000 zinategemea risiti na maneno ya hati. Shilingi 320,000 hazidaiki bila ya ridhaa. Na shilingi 150,000 zinasubiri maelezo.

HAKI YA KULISHIKILIA GARI

Wananchi wengi hudhani fundi hana haki kabisa ya kulizuia gari, na mafundi wengi hudhani wana haki isiyo na mpaka. Dhana zote mbili si sahihi. Sheria ya Mikataba inampa mtu aliyefanya kazi ya ujuzi juu ya mali aliyokabidhiwa haki ya kuishikilia mali hiyo mpaka alipwe ujira wake unaostahili kwa kazi hiyo, isipokuwa kama walikubaliana vyengine.

Maneno "ujira unaostahili" ndiyo mpaka wenyewe. Fundi analishikilia gari kwa ajili ya kazi iliyoagizwa. Mwenye gari akiwa tayari kulipa shilingi 850,000 zisizo na ubishi, na fundi akazikataa ili amlazimishe kulipia shokapu ambazo hazikuagizwa, hapo fundi anajitia katika hatari ya kudaiwa yeye fidia ya siku ambazo gari halikufanya kazi.

Kadhalika, haki ya kushikilia si haki ya kutumia wala haki ya kuuza. Gari lililo gereji ni amana. Fundi anapaswa kulitunza kama mtu mwenye busara anavyotunza mali yake mwenyewe. Akilitembeza kwa safari zake, au akachomoa betri na kuitia gari jengine, atawajibika kwa madhara yatakayotokea.

Mwenye gari naye asijichukulie hatua mkononi. Kwenda usiku na ufunguo wa akiba, au kuleta kundi la vijana, hakumsaidii. Huenda kukamtoa kwenye haki yake na kumtia kwenye kosa. Tofauti ya bili ni jambo la madai, wala si jinai. Polisi wanahusika palipo na wizi wa vipuri, kuharibu mali kwa makusudi au vitisho.

Aliye na dharura na hana budi kulitoa gari anaweza kulipa chini ya pingamizi. Aandike juu ya bili, mbele ya fundi, maneno kama haya: "Nimelipa ili nipate gari langu. Sikubali shilingi 320,000 za shokapu na 150,000 za mengineyo." Atie tarehe na sahihi, na abaki na nakala. Malipo ya namna hiyo hayamfungii mlango wa kudai baadaye.

MAGARI YA SERIKALI

Watumishi wanakumbushwa kuwa gari la Serikali si la dereva wala la mkuu wa kitengo. Matengenezo yake yanapita katika utaratibu wa manunuzi ya umma na Wakala wa Ufundi na Umeme, yaani TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005 kwa upande wa Bara. Dereva anayepelekwa na gari gereji hana mamlaka ya kuidhinisha kazi ya ziada kwa neno la mdomo. Kazi ikionekana kuongezeka, dereva aarifu ofisi, ukaguzi ufanywe, na hati ya manunuzi irekebishwe kabla ya kazi kuendelea. Vipuri vilivyotolewa virudishwe na kuorodheshwa. Fundi binafsi anayeongeza kazi kwa kauli ya dereva peke yake ajue kuwa huenda asilipwe, na dereva ajue kuwa huenda akatakiwa kujieleza mbele ya wakaguzi.

KWA WAKAAZI WA VISIWANI

Kumlinda mtumiaji si jambo la Muungano. Kwa hivyo Sheria ya mwaka 2003 iliyoelezwa hapo juu haitumiki Zanzibar. Huku ipo Sheria Nam. 5 ya mwaka 2018 inayohusu ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, pamoja na Tume yake. Mwananchi wa Unguja au Pemba mwenye gari lililotengenezwa Mbeya au Songea apeleke malalamiko yake huko kazi ilikofanyika. Na mwenye gari lililotengenezwa Zanzibar aende kwa Tume ya Zanzibar. Sheria za mikataba za pande zote mbili zina asili moja, na msingi wa ridhaa haubadiliki kwa kuvuka bahari.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kabla ya kazi, mwenye gari aombe makisio ya maandishi yanayoonesha kila kipuri, bei yake, ufundi na kodi. Iandikwe wazi kama ni makisio au bei iliyokatwa, na kama vipuri ni vipya au vilivyotumika. Apatane mapema malipo ya kufungua na kukagua, ili akikataa kazi pasiwe na ugomvi. Kisha yaandikwe maneno haya: "Kazi yoyote ya ziada isifanywe mpaka mwenye gari akubali." Sentensi hiyo ni fupi, lakini uzito wake ni mkubwa. Hati isainiwe na wote wawili.

Wakati wa kazi, mkaazi wa mbali atumie simu yake kwa busara. Fundi akipiga kueleza kasoro mpya, aombwe kutuma picha na bei, na jibu litolewe kwa ujumbe wa maandishi: "Shokapu za mbele 320,000, nakubali," au "sikubali, malizia klachi tu." Kwa upande wa Bara, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa simu kuwa ushahidi mbele ya mahakama. Ujumbe huo usifutwe. Ikiwa kasoro mpya inahusu breki au usukani, fundi anayo haki, na hata wajibu, wa kumtahadharisha mwenye gari kuwa gari si salama. Hata hivyo, kutahadharisha si ruhusa ya kutengeneza na kudai.

Baada ya kazi, mwenye gari alijaribu gari barabarani pamoja na fundi, aombe vipuri vya zamani, na achukue risiti halali. Pakiwa na ubishi, waanze kwa mazungumzo, ikiwezekana mbele ya fundi mwengine asiye na upande. Wasipopatana, malalamiko yapelekwe kwa maandishi kwa ofisa biashara wa halmashauri au kwa Tume ya Ushindani, yakiambatana na makisio, bili, risiti na ujumbe wa simu. Madai ya fedha yatokanayo na mkataba yanaweza pia kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili, ilimradi kiasi kinachodaiwa kimo ndani ya mamlaka ya mahakama hiyo.

HITIMISHO

Historia ya mwambao wa Ruvuma inayo kumbukumbu moja inayofaa hapa. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli kwa matengenezo, ndipo meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoijia na kuishambulia. Chombo kilicho matengenezoni hakina uwezo wa kukimbia. Mwenye gari lililokwisha funguliwa naye yuko katika hali hiyo hiyo: giaboksi iko chini, fedha ya awali imekwisha tolewa, na nyumbani ni mbali. Kumtaka akubali wakati huo si kumpa khiyari ya kweli.

Kwa hivyo wakati wenye thamani ni ule kabla ya nati ya kwanza kulegezwa. Karatasi moja na kalamu wakati huo huokoa siku 9 za kusubiri, fedha za usipa, na pengine maisha ya mgonjwa aliyekosa usafiri usiku. Fundi mwaminifu hapotezi kitu kwa utaratibu huu. Badala yake hupata hati inayomthibitishia malipo yake. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wananchi wote, wenye vyombo na mafundi, wanaombwa kuyazingatia maelezo haya na kuwafahamisha wengine.